Madam wa Nasari na Jicho la Kushoto

Ukimsalimia Madam wa Nasari asubuhi, usitegemee kujibiwa. Alikuwa akipita katikati yetu walimu pale getini bila hata kugeuza shingo, hadi amfikie mtoto wa kwanza. Hapo ndipo alipoinama, akatoa mkono na kuuliza, "Umeamkaje, rafiki yangu?" Mwalimu mkuu alilalamika mara nyingi. Siku moja alimwita ofisini akamwambia kwamba hata yeye ni binadamu, naye anahitaji kusalimiwa. Madam akamjibu, "Wewe umeshakomaa, mwalimu. Nikusalimie, nisikusalimie, hutabadilika."

Nilifanya naye kazi miaka sita katika shule moja ya binafsi pale Kiminini. Mimi nilifundisha hesabu darasa la nane. Yeye alikuwa na watoto wa miaka mitatu hadi mitano katika chumba cha mabati nyuma ya jikoni, mahali ambapo moshi wa githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ulipitia kabla ya kwenda popote. Jina lake nalijua vizuri. Siliandiki kwa sababu hakuniomba nimwandike, na kwa yale niliyomtendea sina haki ya kulitumia ili nijipatie nafuu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, aliyevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, msimu wa mvua na msimu wa jua. Chumba chake hakikuwa na vitabu. Kilikuwa na mikebe, nyungo na gunia la maharagwe. Wazazi waliolipa karo yao wakitarajia kusikia a-e-i-o-u walipochungulia mlangoni waliwakuta watoto wameketi sakafuni wakichambua maharagwe kama wake za wafanyabiashara wa nafaka. Alichanganya rozikoko, nyayo, wairimu na yale ya njano, akawamwagia kila watoto wanne lundo lao, akawatazama.

Mimi nilimcheka waziwazi. Nilimwambia anawaandaa watoto kwa kazi ya sokoni Kitale.

"Njoo uone," akaniambia. Akamwita mtoto mmoja aliyeingia shule mwezi huo. Yule mtoto alitenga maharagwe makubwa na madogo, basi. Rozikoko na nyayo kwake zilikuwa kitu kimoja. Kisha akamwita mwingine aliyekuwa muhula wa tatu. Huyu alichambua aina zote nne huku akitusimulia habari za ng'ombe wao aliyezaa, vidole vikienda vyenyewe, bila kutazama mara mbili.

"Maharagwe ni ile ile," Madam akasema. "Kitu imebadilika ni huyu mtoto."

Nilijibu jambo la mzaha, nikaenda zangu. Leo naweza kusema kwamba somo lile lilikuwa zito kuliko masomo yote niliyofundisha mimi ubaoni, ila wakati huo nilikuwa na diploma na sikuwa na muda wa kufundishwa na mtu aliyeishia darasa la saba. Vyeti vyake, vile vya semina za kanisani, vingeingia katika bahasha ndogo na nafasi ikabaki.

Kulikuwa na mapacha katika darasa lake, Mukhwana na Mulongo, waliofanana hadi mama yao alimfunga mmoja uzi mkononi. Sisi walimu wakubwa tulipowaita tuliwaita wote wawili kwa pamoja, tukaliita hilo busara. Siku moja Madam aliutoa ule uzi, akawasimamisha mbele ya wenzao, akatuita walimu watatu kutoka stafrumu. Tukashindwa wote. Kisha akawauliza watoto wa nasari, na kitoto cha miaka mitatu chenye kamasi kikanyoosha kidole bila kusita: huyu Mukhwana, huyu Mulongo. Nikauliza kilijuaje. Kikanitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje kwamba maji ni maji.

"Yeye amekaa na hizo uso kila siku, na kichwa yake bado ni laini," Madam akatueleza. "Nyinyi mmeshafunga duka."

Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yake yote. Aliamini kwamba mtoto hazaliwi akiona wala akisikia, anazaliwa na vifaa tu, na kuona kwenyewe ni kazi inayojifunzwa kichwani. Alitikisa mikebe yenye mahindi, mchanga na kokoto nyuma ya migongo yao, wabahatishe, hadi ikafika siku ambapo hawakubahatisha tena. Alisema kila kazi ina msimu wake ndani ya kichwa. "Kichwa ya mtoto haikai na shamba tupu," alipenda kuniambia. "Kama hii jicho ama hii sikio hailimi pale kwake, ile ingine inavuka mpaka, inapanda. Na ikishapanda, mwalimu, kuing'oa ni kesi."

Msidhani alikuwa mtakatifu. Aliwaogopa kuku, kuku akiingia darasani yeye ndiye aliyepanda juu ya meza, watoto wakamfukuzia. Rejista yake ilikuwa balaa. Kulikuwa na mtoto aliyehamia Webuye mwaka mzima nyuma na bado aliwekewa alama ya kuwepo, hata Jumamosi. Mtoto aliyeshika kijiko kwa mkono wa kushoto alipigwa kofi dogo la vidole hadi akabadilisha, na hapo hakusikia la mtu. Mwenye kujua mengi namna ile kuhusu macho na masikio, kuhusu mikono alikuwa gizani kama sisi sote. Na kwa akina mama hakuwa na huruma. Mmoja alimleta mwanawe huku akitazama simu tangu getini hadi mlangoni. Madam akamuuliza, "Mama mtoto, hiyo simu ndiyo ilizaa ama ni wewe?" Mama yule alimchukia tangu siku hiyo, na chuki yake ilikuja kunifaa mimi vibaya.

Sasa nifike kwa binti yangu. Nimezungukazunguka vya kutosha.

Naliaka aliingia nasari akiwa na miaka minne, akijua kusoma. Nilimfundisha mwenyewe nyumbani kwa magazeti ya zamani. Nilikuwa nikimwita stafrumu saa ya chai awasomee walimu vichwa vya habari, nao wakipiga makofi, nami nikijifanya nasahihisha vitabu. Nilitaka aruke mwaka, aende moja kwa moja darasa la kwanza. Madam alikataa. Alisema kusoma ni jambo moja, na yeye alikuwa bado anamtazama.

Alikuwa na mchezo aliouita jicho la kuku. Mtoto anafunika jicho moja kwa kiganja, anaokota maharagwe kwa mkono mwingine, kisha anabadilisha. Watoto waliupenda kwa vile uliwachekesha. Naliaka alipofika miaka mitano, Madam alinisubiri getini Ijumaa jioni, yeye ambaye hakuwasubiri watu wazima.

"Mwalimu, huyu msichana wako jicho ya kushoto haifanyi kazi. Nimemwangalia wiki mbili."

"Ati haifanyi kazi? Si anasoma?"

"Anasoma na moja."

Nilicheka. Macho ya Naliaka yalikuwa mazuri, meusi, yamenyooka yote mawili, hayakupishana hata kidogo. Nikamwambia asante, nikaenda kupanda gari la kwenda Kitale kununua viatu, na sikumweleza mke wangu.

Mara ya pili sikuambiwa, nilijionea. Nilipita nyuma ya jikoni asubuhi nikamkuta mwanangu ameketi peke yake mbele ya lundo la maharagwe, jicho la kulia limefungwa kitambaa. Alikuwa analia kimyakimya, anapapasa. Alikosea rozikoko na nyayo kama mtoto aliyeingia jana. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilikifungua kile kitambaa nikakitupa.

"Usimfunge mtoto wangu kitambaa! Umesikia?"

"Ni nusu saa tu kwa siku, mwalimu. Hiyo nzuri ipumzike, hii ingine ijifunze. Mpeleke kwa daktari wa macho, mimi si daktari. Lakini enda haraka. Akikua hii nafasi inafunga."

"Wewe kweli si daktari," nikamwambia. Hilo ndilo nililolichukua katika maneno yake yote.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya wazazi. Nilikuwa msema chochote, yaani mshereheshaji, nimevaa tai. Nilimpandisha Naliaka jukwaani awasomee wazazi ukurasa mzima, wakashangilia, nikatangaza kwamba muhula ujao anaingia darasa la kwanza. Madam akasimama kutoka kule nyuma na gambuti zake. Akasema mbele ya watu wote, si kwa ukali, "Mwalimu, kabla hujamrusha, mpeleke kwanza hospitali ya macho. Nimekuambia mara mbili."

Nilihisi uso ukiwaka. Nikashika kipaza sauti, nikasema, "Wazazi, huyu Madam wetu anapenda sana macho ya watoto. Anayafunga, anayafungua. Sisi hatujui anaona nini huko ndani."

Watu wakacheka. Ila si wote. Kila aliyezaliwa upande wetu, kuanzia Bungoma hadi mlimani, amesikia habari za watu wenye jicho, wale ambao wakimtazama mtoto akila, tumbo linavimba. Mimi nilisoma, nilijua huo ni upuuzi, na nilijua pia kwamba wapo wazazi pale ambao kwao haukuwa upuuzi. Maneno yale niliyachagua. Nimejaribu miaka mingi kujiambia kwamba yaliniponyoka, na hayakuniponyoka.

Yule mama wa simu alifanya kazi iliyobaki. Kufikia wiki ya pili ya muhula, watoto tisa walikuwa wametolewa nasari. Mtoto mmoja alipatwa na homa, basi ikawa ushahidi. Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Hii maneno ilianzia kwako. Niambie ukweli. Huyo Madam ana shida?"

Neno moja lingetosha. Ningesema, "Hapana, ni hasira zangu tu," na Madam angebaki na mikebe yake. Badala yake nilitazama kalenda ukutani nikasema, "Mimi sijui, mwalimu. Wazazi ndio wanajua."

Madam alifukuzwa kazi, akaondoka Jumatano, akarudi kwao Bumula. Aliwapa watoto mikono mmoja mmoja, akatupita sisi walimu kama siku zote. Mwalimu mpya alikuja na chati za ukutani, na gunia la maharagwe likapelekwa jikoni, tukalila.

Naliaka aliingia darasa la kwanza, akawa wa kwanza, na miaka ikaenda. Ni kweli kwamba alimwaga chai kando ya kikombe zaidi ya watoto wengine. Ni kweli mpira ulimpiga usoni. Tulimwita mzembe, akaizoea sifa hiyo, akawa anajitania nayo mwenyewe.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja tulipokuwa tukikoboa mahindi nyumbani kwa mashine ya kukodi. Pumba ilimrukia jicho la kulia, likavimba, zahanati wakalifunga bandeji. Mama yake aliposimama mlangoni mchana ule na sahani ya ugali, Naliaka aligeuka akaniuliza, "Baba, huyo ni nani?" Nilidhani ni utani. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kikombe kilichokuwa mbele yake, akakipapasa pembeni, nami nikainuka, maana nilikuwa nimeuona mpapaso ule tayari.

Daktari wa macho kule Kitale alikuwa kijana mpole. Alimpima muda mrefu, akatuketisha watatu, mimi, mama yake na Naliaka katikati.

"Jicho lenyewe halina ugonjwa," akasema. "Lilizaliwa na nguvu kidogo, lilihitaji miwani tu. Sasa mtoto akiwa mdogo, ubongo unajifunza kuona. Wake ulikuwa unapata picha mbili, moja safi na moja ya ukungu. Ukachagua ile safi. Ile ingine ukaacha kuishughulikia kabisa, na ile sehemu yake ikachukuliwa. Tutajaribu, lakini sitawadanganya. Tumechelewa."

Naliaka akamuuliza, "Kama ningekuja nikiwa mdogo?"

"Ukiwa na miaka mitano hivi? Tungekupa miwani, tunafunika hilo zuri kila siku kwa muda, hili lilazimike kufanya kazi. Wengi wa umri huo wanarudi wakiona sawa kabisa." Kisha akanigeukia. "Hakuna mtu aliwahi kugundua? Mwalimu hata mmoja?"

"Hapana, daktari," nikasema. "Hakuna."

Mke wangu alinishika mkono kunituliza. Nilimwacha anitulize.

Tulifunika jicho zuri mwaka mzima. Lile la kushoto lilifika mahali pa kutambua mtu kwa nguo zake, likaishia hapo. Daktari alimwagiza Naliaka alilinde lile moja kwa kila hali, na tangu hapo mwanangu anaogopa tawi la mti, anaogopa mpira, anaogopa kuku akipiga mbawa. Ameacha michezo. Anavaa miwani isiyomsaidia kuona, ya kukinga tu. Sijawahi kumwona akikimbia tena, na ana miaka kumi na minne.

Likizo ya Aprili mwaka huu tulienda Bumula kwa wakwe zangu. Jumapili tulifuatana na bibi yake Naliaka kanisani, na baada ya ibada akina mama wakatoa chai na mandazi pale nje kwenye mabenchi. Nilimwona Madam kabla hajaniona. Amezeeka, mabega yameshuka, alikuwa amevaa sare ya kina mama wa kanisa na ndala miguuni. Nilifikiria kuinuka nikaenda kutazama gari. Akatupita watu wazima wote waliosimama njiani, akafika moja kwa moja kwa binti yangu, akatoa mkono.

"Umeamkaje, rafiki yangu?"

Naliaka alimtazama, akashangaa, kisha uso wake wote ukafunguka. "Madam! Madam wa Nasari!"

Akaketi kati yetu. Akamshika Naliaka kidevu, akamgeuza polepole huku na huku kwenye mwanga, akaivua ile miwani, akairudisha. Niliona alichokuwa anakisoma. Mimi hakunitazama.

"Hii jicho walifanya nini?" akauliza.

"Tulichelewa, Madam," Naliaka akasema. "Ilijulikana nikiwa mkubwa, na daktari akasema ubongo ulikuwa umeshaiacha. Ningefika mapema ingepona. Lakini Baba anasema hakuna mtu aliona."

Hapo ndipo Madam aliponitazama. Si kwa hasira. Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama watoto wakichambua, akisubiri kuona mkono utaenda wapi. Mkono wangu haukwenda popote. Nilishika kikombe.

Akamgeukia mtoto. "Ni kweli, mamaa," akasema. "Mlikuwa wengi ile mwaka. Hata mimi sikuona. Nisamehe."

Mwanamke yule hakuwahi kujivunia kitu duniani isipokuwa kuona. Hakuwa na cheti cha maana, hakuwa na cheo, na kazi nilikuwa nimeshamnyang'anya. Akachukua hicho kimoja kilichobaki akakiweka chini mbele ya binti yangu, ili mtoto asije akamchukia baba yake. Na Naliaka, ambaye ana moyo wa mama yake, akamfunika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Usiseme hivyo, Madam. Si makosa yako. Wewe hata si daktari."

Madam akatikisa kichwa kukubali, akapokea faraja ile kwa unyenyekevu, kama mtu aliyekosa kweli. Sijawahi kuona aibu kama niliyoisikia pale. Iliniingia hadi kwenye meno.

"Alikuona," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, nikalazimika kurudia. "Naliaka, Madam alikuona. Aliniambia. Aliniambia mara tatu, nikakataa, nikamsemea vibaya mbele ya watu hadi akafukuzwa. Kwa daktari nilidanganya."

Madam akasema haraka, "Mwalimu, wacha sasa. Mtoto anywe chai."

Naliaka hakulia, wala hakupaza sauti. Aliuachia mkono wa Madam, akaweka kikombe chake chini kwa uangalifu ule ambao amejifunza kwa lazima, akiligusa benchi kwanza kwa kidole kujua liko wapi. Kisha akageuza kichwa chote, maana nilikuwa nimeketi upande wake wa kushoto, akanitazama.

"Nilikuwa na miaka mingapi?"

"Mamaa, kunywa chai," Madam akasema tena.

"Namuuliza Baba."

"Mitano," nikasema.